Sufuria Niliyoisamehe

Mwaka ule nilikuwa natafuta ubatizo, na niliutafuta kwa pupa. Nilikuwa nimetoka magharibi mwa Kenya na mume wangu, tukapewa chumba kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la kahawa hapa Ruiru, upande wa Gitothua. Ubatizo niliuona kama stesheni ya reli: ukifika unashuka, unatua mzigo, basi.

Jirani yangu ukuta kwa ukuta alikuwa mama Mkikuyu, mjane mwenye watoto watatu. Tulichuma kahawa mstari mmoja, tukaazimana moto na chumvi. Kisha sufuria yangu kubwa ikapotea, na mimi na hasira zangu za karibu nikamshuku yeye. Sikumwuliza. Nilimnunia tu mwezi mzima.

Kanisani kwetu ilikuwa desturi kila Jumapili kusimama na kushuhudia, kila mtu akitubu dhambi zake mbele ya wote. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikatubu ya mwenzangu. Nilisema kwa sauti tamu kabisa kwamba nimemsamehe jirani yangu aliyeniibia sufuria. Watu wakaimba, wakanishika mkono. Yeye alikuwa benchi la nyuma, mtoto mgongoni. Aliinuka akatoka.

Miaka ile ya hali ya hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau, Mkikuyu hakuhitaji kosa kubwa ili atiliwe shaka. Neno lilimfikia nyapara wa shamba, na kabla ya wiki kwisha yule mama akatolewa chumbani. Alienda Thika kwa dada yake.

Wiki mbili kabla ya Pasaka tulifagia stoo ya kanisa. Sufuria ilikuwa humo, imefunikwa gunia. Niliipeleka mwenyewe wakati wa Krismasi, kupikia chai, nikasahau. Niliona aibu mpaka nikakaa sakafuni.

Mwalimu wa dini aliponiuliza kama nimeshachagua jina la ubatizo, nilimweleza yote, nikamwambia kuna mahali sijafika.

Jumamosi kulipokucha nilishika barabara ya Thika kwa miguu, sufuria kichwani. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha, nikamwekea sufuria iwe yake. Hakuigusa. Alinipa maji kwanza, maana nilikuwa nimekauka, kisha akasema:

"Mama, kunipigia magoti hapa ni rahisi, hakuna anayeona. Uliniita mwizi mbele ya watu. Nenda ukaseme hapo hapo."

Nilirudi na sufuria yangu, na nakiri nilinung'unika njia nzima. Lakini Jumapili nilisimama nikasema. Safari hii hakuna aliyeimba. Nyapara naye hakumrudishia chumba, kilishapewa wengine.

Pasaka ikapita bila mimi kubatizwa. Nilienda Thika tena, nikamkuta hayupo. Mara ya tatu, sufuria ile ile kichwani, nilimkuta, akaniuliza bila kuinua macho kama niliyasema. Nikamwambia niliyasema yote, nikajitaja mimi ndiye mkosaji.

"Basi bandika hiyo sufuria motoni," akasema. "Watoto hawajala."

Nililia huku nikichochea moto, nikasingizia moshi.

Nilibatizwa mwaka uliofuata, na sikushuka stesheni yoyote. Mpaka leo, na magoti haya mabovu, nikisimama kushuhudia, ulimi wangu hukimbilia kwanza dhambi ya jirani. Inanibidi niushike, nianze na zangu.