Mguu Uliovunjwa na Shikamoo

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na asiyeamini asilaumiwe, maana hata kijijini kwetu Mlola wapo wanaosema kimetungwa. Mguu wa Modesta, Mama Jonas, ulivunjwa na shikamoo.

Aliyeutengeneza ni Evelina, fundi wa miguu bandia katika karakana moja pale Lushoto mjini. Akili kairithi ujombani, jambo linalojulikana, ingawa mjomba mwenyewe, anayeandika haya, shule aliiacha mapema ili wengine nao wapate nafasi ya kushika namba.

Kutengeneza mguu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuutesa. Evelina hamkabidhi mtu mguu kabla ya kutengeneza pacha wake, kumfunga kwenye fremu ya chuma na kumkandamiza kwa mota, juu, chini, juu, chini, mpaka majirani wa karakana wanasahau kimya kinafananaje. Pacha akivumilia, anafunguliwa, anafungwa upya na kusokotwa kulia na kushoto. Akivumilia na hilo, mguu unagongwa mhuri.

Wa Modesta ulivumilia yote mawili. Akauvaa, akarudi kubeba mapeasi kichwani kupeleka sokoni, kazi iliyomlisha yeye na wanawe tangu zamani. Halafu asubuhi moja ukakatika kifundoni. Tenga likabiringika mpaka mtoni, naye akarudi kwenye magongo. Na mwenye magongo hana mkono wa kushikilia tenga.

Evelina alipanda Mlola kumuuliza. Aliteleza? Hapana. Alijikwaa? Hapana.

“Nilikuwa nampa njia Mzee Sefania,” Modesta akasema.

Evelina akamwomba aeleze alivyosimama, na kabla hajamaliza, moyo ulishamshuka. Njia zetu zimekwaruzwa ubavuni mwa mlima, upana wa mbuzi mmoja, tena mwembamba. Ukikutana na mzee unasogea upande wa juu, unamgeukia, maana kuamkia huku unatazama mbele ni kuamkia ukuta, unapinda goti, unasema shikamoo. Tenga liko kichwani. Uzito unakandamiza, mwili unasokota, mteremko unainamisha unyayo, vyote kwa pumzi moja.

Na Evelina alivipima kila kimoja na siku yake, kama mtu anayekula ugali leo, mboga kesho, halafu anajisifu kala mlo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba amelelewa kwenye njia hizo hizo. Kawapisha wazee tangu hajaanza shule, mpaka mwili ukawa unafanya wenyewe bila kumuuliza. Ndiyo maana hakuliona.

Alirudi karakana, akatafuta kitovu cha gurudumu la pikipiki mbovu, akakitengenezea sahani ya kuzunguka, juu yake akapigilia kabari ya mbao yenye mteremko. Akaiunga kwenye mota ile ile, ili kila mkandamizo uje na msokoto wake. Akafunga pacha wa mguu uliovunjika. Haikufika saa ya chakula, ufa kama unywele ukatokea pembeni mwa tundu la boliti.

Akahamisha boliti, akanenepesha kifundo, akaanza kutesa upya. Safari hii mota ndiyo iliyochoka kwanza.

Lakini Modesta alikataa kuuvaa.

“Hata ule ulikuwa na mhuri, mwanangu.”

“Ulikuwa nao, Mama Jonas. Aliyekosea ni mimi. Usiangalie mhuri, njoo uone unavyoteswa.”

Alikuja, akakaa kwenye stuli mbele ya mashine. Unyayo ulishuka, ukageuka, ukainama, ukarudi. Akasogeza stuli karibu zaidi.

“Huyo anaamkia,” akasema mwishowe. “Mwongezee uzito kidogo. Sefania ana maswali mengi.”

Evelina akaongeza. Modesta akasubiri, akatazama tena, kisha akauomba mguu wake.

Ikabaki njia yenyewe, na njia ilihitaji mzee. Sefania alikuwa na mafua, basi akasimama mjomba, mwanamume mwenye heshima zake na sura ya kuamkiwa. Modesta akaja na mzigo, akasogea upande wa juu, akamgeukia, akapinda goti. “Shikamoo.” Mjomba hakuitika upesi. Aliuliza kwanza habari za watoto, za ng'ombe, za kwaya ya kanisani. Evelina alikuwa chini ya njia, kauma mdomo, anasikilizia kifundo tu. Marahaba ilipokuja, Modesta akanyooka, akashuka zake sokoni, na mguu haukulia hata kidogo. Na kumbukeni kichwani alikuwa na matenga matatu ya mapeasi, juu yake kabichi, juu ya kabichi jogoo, tena jogoo mwenyewe alikuwa anawi—

“Tenga moja, mjomba,” akasema Evelina, anayesoma haya nyuma ya bega la mwandishi. “Na halikujaa.”