Bwana Laiti wa Mgodini

Siku yangu ya kwanza masijala, chumba cha kutunzia majalada ya serikali hapa Mpanda, mkuu wangu alinikabidhi kitambaa cha vumbi kabla ya kalamu. "Kijana, karatasi haipotei. Anayepotea ni karani." Nilidhani ananitania.

Nyie mnaobofya tu, sikieni. Kila barua ilipewa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na kila jalada likaingizwa kwenye rejista kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Wenzangu walihamishiwa Kigoma na Sumbawanga. Uhamisho wangu mrefu kuliko yote ulikuwa kutoka meza ya mlangoni kwenda ya dirishani, na hata huo ulinipa homa.

Siku moja akaja dada Paulina, muuza mchele wa Kashaulili. Baba yake alikuwa Mwingereza, msimamizi kwenye mgodi wa zamani wa madini ya risasi, aliyeondoka Paulina akiwa bado anabebwa mgongoni.

"Mama aliniachia jina tu, Bwana Laiti. Nataka kujua kama alitutupa."

Mgodi ulipofungwa, majalada yake yaliletwa kwetu. Nikafungua rejista, herufi L. Hamna. Mkuu akachungulia. "Laiti ni majuto, siyo jina. Huyo walimbandika tu."

Paulina akawa anarudi kila baada ya mavuno. Hamna. Hamna.

Nikastaafu. Kiti nilichonunua nipumzikie hakikunipumzisha. Nilizunguka uani hadi mke wangu, mwalimu mstaafu, akauliza nimemeza nini. Nikamweleza.

"Mama yake kabila gani?"

"Mkonongo."

"Basi R kaitamka L. Alitaka kusema Raiti. Na Waingereza jina hilo wanalianza na W isiyosomwa. Kidato cha nne ulikwenda kufanya nini?"

"Kula maharage."

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni masijala kabla hawajafungua. "Mzee, umerudi kazini?" mkuu wa sasa akacheka, lakini akanitolea jalada. Herufi W: Wright. Folio ya tatu, amehamishiwa mgodi mwingine, anaomba aende pamoja na "mwanangu Paulina na mama yake". Ya nne, amekataliwa. Ya tano, yuko huko peke yake, anaomba tena. Ya sita, taarifa ya kifo chake.

Nilibeba nakala mpaka sokoni, nikamsomea Paulina kwa Kiswahili juu ya magunia yake. Naye siku hizi ni bibi. Folio ya tatu aliniomba niirudie mara tatu.

"Mwanangu. Kaandika hivyo?"

"Kwa mkono wake."

Akawa anachota mchele na kuumimina, anachota na kuumimina. Mimi sikuweza hata kukaa. Miaka yote ile jalada lilikuwa hatua mbili kutoka meza ya dirishani.

"Dada, laiti ningejua..."

"Mwache mzee wangu apumzike, kaka," akasema. "Umemwita vya kutosha."