Kamera ya Kilatini

Mwaka 2012 nilikiokoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza kutoka kwa mama mmoja muuza karanga, sokoni Kasulu. Alikuwa anakichana kuanzia nyuma, ukurasa mmoja kwa kila mteja. Sura ya mwisho ilikuwa orodha ya maneno ya kigeni ambayo Waingereza wameyachukua na kuyafanya yao, mengi ya Kilatini na Kifaransa, yamepangwa kwa alfabeti. Wateja wa karanga walikuwa wameshaimaliza kutoka Z kurudi nyuma hadi I. Nilibaki na A mpaka H, nikaona zinanitosha.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya kata, huko kwetu Titye, nina miaka ishirini na sita na majivuno ya mtu wa hamsini. Orodha ile niliikariri jikoni nikichambua maharage. Darasani niliandika *bona fide* ubaoni, na kwa kuwa bona kwa Kiha ni tazama, nyuma mtu akauliza, "Sasa tubone nini, mwalimu?" Nilipoandika *alter ego* walicheka hadi kengele, maana ego kwetu ni ndiyo. Niliwaacha wacheke. Nilijua kitu ambacho hata mkuu wa shule hakukijua, na utamu wake ulinipanda kichwani.

Habari zikasambaa. Barua yoyote ya Kiingereza iliyofika kijijini ililetwa kwangu: ya benki, ya hospitali, ya mtoto aliyekwenda Dar. Niliisoma kwa sauti, nikatafsiri, nikapewa ndizi. Neno "sijui" lilianza kunishinda kulitamka. Kila mara nilipokutana na msemo nisioujua, niliangalia maneno ya jirani yake, nikakisia, nikasonga mbele. Hakuna aliyerudi kulalamika, kwa hiyo nikaamini kwamba ninakisia vizuri.

Mdogo wangu wa kike, aliyenifuata mimi, alikuwa anasoma ukatibu muhtasi na kompyuta katika chuo kidogo cha mtu binafsi, ambacho leo hakipo tena. Baba aliuza ng'ombe ili aende. Lakini Baba aliweka wazi pia kwamba kuna ukoo wa Kitahana, kule Kibondo, umeshaulizia habari zake, na siku binti atakayoacha chuo ndiyo siku yeye Baba atakayowajibu. Mdogo wangu hakumtaka mtu yeyote wa Kitahana. Alitaka kukaa mezani kwenye ofisi yenye pazia, apige chapa barua za watu.

Mwaka 2013, muhula wa pili, alirudi nyumbani amekonda. Ilinichukua siku nzima kumtoa maneno. Mkufunzi wake mmoja alimwambia kwamba matokeo yake ya mtihani yako chumbani kwake, ayafuate huko, peke yake, jioni. Alipokataa, karatasi yake ikasomeka amefeli. Nilipandwa na hasira. Mimi ndiye niliyemwambia aandike malalamiko kwa bodi ya chuo. Tuliandika wote wawili, kwa Kiswahili, kurasa mbili, naye akazipeleka mwenyewe.

Majibu yalikuja kwa Kiingereza, kwa sababu mwenye chuo alikipenda. Mdogo wangu alinikuta nafua nyuma ya nyumba. Nilifuta mikono nikasoma. Kamati ingesikiliza malalamiko yake Jumatano inayofuata. Asipofika, shauri lingefungwa, naye angerudi darasani kwa mkufunzi yuleyule. Na shauri lingesikilizwa *in camera*.

I. Herufi ya kwanza ya zile zilizokwenda na karanga.

Nililitazama lile neno muda ambao haukuzidi kumeza mate. Kamera tunaijua sote, hata asiyejua Kiingereza. "Utaongea mbele ya kamera," nikamwambia.

"Watanipiga video?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Siku hizi ofisi kubwa zinarekodi ushahidi, kama bungeni."

Hilo la bungeni nililiongeza mwenyewe, ili tafsiri ikae sawa.

Alikaa chini kwenye jiwe la kufulia. "Dada, video inatoka. Itatumwa kwa bluetooth. Wataionyesha kwenye mabanda ya video pale Kasulu, watu watalipa kunitazama nikisema alichoniambia yule mtu."

"Haitatoka."

"Una hakika wameandika kamera?"

Kilomita chache tu kutoka pale palikuwa na parokia yenye kamusi. Ningeweza kusema, hebu nikaulize kwanza. Badala yake niliudhika, kana kwamba amenitukana. "Mdogo wangu, kamera ni kamera."

Siku nne zilizofuata hakula vizuri. Usiku alinigeuzia mgongo kitandani, nikajua yuko macho. Jumatatu nilimbembeleza, Jumanne nikamgombeza, nikamwambia mtu aliyeonewa haogopi kuonekana. Jumatano alivaa sketi ya chuo, akaenda hadi barabarani mahali magari yanaposimama, yakapita mawili, akarudi. Alivua ile sketi akaenda shambani bila kunitazama. Nilibaki nimesimama mlangoni, nimemkasirikia kwa uoga wake.

Shauri likafungwa. Alirudi chuoni akavumilia wiki mbili mbele ya yule mkufunzi, aliyeshajua nani kamshtaki. Wiki ya tatu alikuja na begi lake. Baba hakugomba wala nini. Alituma tu ujumbe Kitahana, na kabla mvua za mwaka mpya hazijakatika, mdogo wangu alikuwa ameolewa.

Mwaka 2015 tuliitwa walimu semina ya siku tatu Kibondo. Mwezeshaji mmoja alitusomea mfano wa shauri la nidhamu ya mwalimu, akasema lilisikilizwa *in camera*. Nikamwinamia mwenzangu wa kulia, mwalimu mzee aliyewahi kupitia seminari ya mapadre, nikamtania: "Hata walimu sasa tunapigwa video?"

Alinitazama kama anayesubiri nicheke. Alipoona sicheki, akasema taratibu, "Camera ni chumba, mwalimu. Kilatini. Maana yake faragha. Milango inafungwa, hakuna wa nje anayesikia."

Sikumbuki kingine cha siku ile. Nakumbuka tu kwamba ukumbi ulikuwa na madirisha madogo yenye nondo. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemwita mdogo wangu mwoga moyoni mwangu. Sasa ningeishi na hili, na hapakuwa na upande wa kukimbilia: nikinyamaza nitakuwa mwongo, nikisema nitakuwa nimemwambia kwamba maisha yake yote haya aliyapata kwa sababu dada yake aliona aibu kuuliza.

Semina ilipokwisha nilichukua bodaboda hadi Kitahana. Nilimkuta anamenya mihogo, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Mume alikuwa shambani, mama mkwe amelala ndani. Alifurahi kuniona, akanitafutia kigoda, akaanza kuniuliza habari za Mama. Nikamkatiza. Nilimwambia kwa sauti ndogo, nikitazama mihogo: lile neno halikuwa kamera. Lilikuwa faragha. Nilikisia. Nisamehe.

Alisimamisha kisu. Nilingoja anifukuze, na kwa kweli nilitamani anifukuze.

"Kwa hiyo video haikuwepo."

"Haikuwepo."

"Na mlango ungefungwa."

"Ungefungwa."

Mtoto alianza kulia, naye akamtingisha mgongoni bila kugeuka, hadi akanyamaza.

"Wangekuwa wangapi mle ndani?"

Barua ile bado ninayo, ninaijua kwa moyo. "Watatu."

Akaokota muhogo mwingine, akauzungusha mkononi akitafuta pa kuanzia.

"Watatu ningewaweza, dada," akasema.