Mwaka Tantine Sifa Alipokuwa Nyota

Hata leo, nikinusa ncha za rasta zikichovywa kwenye maji ya moto, moyo wangu huanza kudunda kama wa mtoto aliyeambiwa avae viatu twende harusini. Juzi harufu hiyo ilinishika Westville, hapa Durban, kwenye korido ya duka kubwa, nikasimama na mifuko yangu nikicheka peke yangu. Watu waliniangalia. Wangejuaje? Hiyo ni harufu ya mwaka ambao mama yangu mdogo alikuwa nyota.

Tulimwita Tantine Sifa, maana kwetu sisi Wakongomani mama mdogo ni tantine. Alikuwa msusi katika saluni moja huko Point, karibu na bandari, nami nikitoka shule nilimngoja humo, nikimchambulia rasta. Wakati anasuka, aliimba. Aliimba soul, nyimbo za polepole zinazoanzia tumboni, alizozitunga mwenyewe kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, akitia humo Kifaransa kidogo na Kizulu kidogo kama mtu anayeonja mboga jikoni. Mteja aliyeingia amenuna alitoka akijifuta machozi, mara nyingine na mistari iliyopinda kichwani, wala hakulalamika.

Mteja mmoja, nesi wa Kizulu, alimrekodi kwa simu akiimba "Sukuma Mlango". Wimbo wenyewe ulikuwa mwepesi: mlango hauna kufuli, sukuma tu, kisha kiitikio cha Kizulu, ngena, ngena, yaani ingia, ingia. Nesi aliwatumia rafiki zake. Kabla juma halijaisha, watu walikuwa wakichungulia saluni na kuuliza, "Iko wapi ule mama wa ngena?"

Eish, niwaambie nini! Papa Dido, fundi wa simu aliyekuwa na meza yake pale mlangoni, alikunja meza akajitangaza meneja. Alinunua koti jeupe, akalivaa hata kwenye jua la Desemba. Wimbo ukarekodiwa studio, ukaingia redioni. Siku moja nilikuwa nimesimama na wenzangu kwenye roboti, ndivyo tunavyoziita taa za barabarani huku, taksi, zile basi ndogo za abiria za huku, ikasimama mbele yetu, madirisha wazi. Ndani yake abiria wote, waliochoka na kazi, walikuwa wakiitikia: ngena, ngena! Nikapiga kelele, "Huyo ni tantine yangu!" Dereva akanipigia honi. Taa ikawa kijani naye bado anapiga. Nilikipanda kilima cha Berea mbio mpaka nyumbani, sikuhisi miguu.

Nyumbani nilimkuta Koko, bibi yangu, mzazi wa Mama na Tantine, akichambua sombe, majani ya muhogo. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Hakuinua kichwa.

"Sifa ni ya Mungu," alisema.

Alilichezea jina la binti yake, lakini hakuwa akitania. Tangu tufike Durban, Tantine ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa letu. Siku alipoiacha ili aimbe mapenzi ya dunia, Koko aliapa kwamba sikio lake halitaisikia tena sauti ile. Na Koko alikuwa mtu wa kiapo. Redio ikianza "Sukuma Mlango", alitoka akasimama kwenye balkoni mpaka wimbo uishe, hata mvua ikinyesha. Mama alimfuata na mwavuli.

Kisha ikatangazwa konseri kubwa, Jumamosi mchana, kwenye jukwaa la wazi pale ufukweni. Picha ya Tantine mwenye gauni jekundu ilibandikwa kila nguzo. Juma hilohilo Koko alikutana kwenye lifti na mama wa Kizulu aliyesafisha ngazi za jengo letu, akiimba ngena, ngena huku amekumbatia ndoo yake. Lugha hawakuelewana. Koko alijigonga kifua tu akasema, "Mwanangu." Yule mama akaweka ndoo chini, akamshika mikono yote miwili, hakuiachia mpaka lifti ilipofika.

Jioni, tukiwa mezani, Koko alisema bila kumtazama mtu, "Jumamosi nami nitakuja. Nisikie ni kitu gani."

Tantine alikuwa amesimama na sufuria. Aliketi sakafuni papo hapo, sufuria mapajani.

Lakini koo lilikuwa limeanza kumsumbua. Kwa miezi alikuwa akiimba kila mwisho wa juma, na Papa Dido akisema atapumzika kesho. Siku iliyofuata Tantine alinichukua twende kwa daktari, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha shule na chake cha sokoni. Daktari alisema polepole, nami nikatafsiri sentensi kwa sentensi: nyuzi za sauti zimevimba na kutoka vidonda, anyamaze kabisa kwa miezi, akiimba Jumamosi, sauti huenda isirudi tena.

Tantine aliitikia kwa kichwa, akashukuru. Nje akaniinamia. "Aline, Koko asijue. Mama yako pia. Sharp?"

"Sharp, Tantine," nikakubali.

Basi Jumamosi ikafika. Sijawahi kuona watu vile! Waliketi mchangani, kwenye kuta, mabegani mwa baba zao. Koko alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha kanisani, mkoba mapajani, mdomo umefungwa kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Ngoma zikaanza, Tantine akatoka na gauni jekundu, na ufukwe wote ukashangilia kwa pamoja. Mwili wangu ulisisimka mpaka nikamuuma Mama mkono. Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, safi zaidi. Nikawaza daktari yule hajui kitu. Nilimwona Koko akigonga mguu, polepole, kama asiyetaka mguu wenyewe ujue.

Katikati ya "Sukuma Mlango", pale sauti inapopanda, ilikatika. Ulitoka mkwaruzo, kisha hewa tupu. Alijaribu tena. Hewa. Wengine walicheka, wengine wakazomea, simu zikainuliwa juu. Papa Dido alikuwa amejifunika uso kwa koti lake. Tantine alishuka jukwaani, na Koko alikuwa amekwisha kusukuma watu mpaka kwenye ngazi. Akamfuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Nimekusikia, Sifa," alisema. "Nimekusikia, mama."

Sauti haikurudi. Video ya mkwaruzo ule ilisambaa haraka kuliko wimbo. Konseri zilizobaki zilifutwa, Papa Dido akapata mwimbaji mwingine, na picha zile kwenye nguzo zikafunikwa na matangazo ya mitumba. Tantine alirudi saluni, akasuka kimya. Watu wa kanisa walisema tamaa ilimponza, na kwa miaka mingi nami niliamini hivyo. Nilikuwa na hakika zaidi yao, maana nilikuwepo kwa daktari. Alionywa, nikajiambia, lakini alishindwa kuuacha umati ule.

Nilikuwa mtu mzima, na Koko tulikuwa tumekwisha kumzika, nilipothubutu kumuuliza Tantine. Alikuwa akinisuka.

"Tantine, siku ile ulijua?"

"Si ni weye ulinitafsiria?" alisema kwa sauti yake ya sasa, nzito na ya chini.

"Basi kwa nini?"

Mikono yake haikusimama. "Aline, Durban yote ilikuwa imekwisha kunisikia. Mama yangu, bado. Ningemwambia angoje? Unamjua Koko, angerudi kwenye kiapo chake. Nilihesabu koo lina nyimbo tatu. Lilikuwa na mbili na nusu." Akacheka. "Zilitosha."

Nilikuwa mtoto, nilitazama umati kwa sababu ulikuwa mkubwa. Sikujiuliza ni nani aliyekuwa akiimbiwa. Naye alikuwa mbele kabisa, mkoba mapajani, akigonga mguu, na Tantine hakuondoa macho yake kwake hata mara moja.