Sauti Saba na Mama wa Kambo Aliyesingiziwa

Kaka yangu anakula kwa mdomo wake, na sisemi hivyo kumtukana. Kazi yake ni kuingiza sauti kwenye filamu za kigeni ili watu wazielewe. Anakuwa mfalme, mwizi, bibi mwenye kikohozi, mtoto mchanga na mbwa, wote peke yake, ndani ya stoo ya nyumba yake ambayo ameitundikia mablanketi ukutani kuzuia mwangwi. Mtaa mzima unamwita Sauti Saba. Mimi ni mdogo wake, tumekua tukigombania godoro moja, na huwa nawaambia watu kwamba sauti zote hizo zina tabia moja tu: haraka.

Maana Sauti Saba hana subira ya kuitazama filamu mpaka mwisho kabla hajaianza. Anaiwasha, anavuta maiki, anaanza kusema papo hapo. Lugha yenyewe anaijua kidogo. Inayobaki anaisoma kwenye nyuso za waigizaji, na isiyosomeka anaitia chumvi. Kwa miaka kumi na moja mtindo huo haukuwahi kumuumbua. Filamu za ngumi hazina mafumbo. Mwenye suti nyeupe ni mbaya, anayevuja damu ni mzuri, basi.

Ndipo ikaja filamu moja ya hadithi za wafalme zilizovalishwa nguo za kisasa. Binti mfalme anaishi ghorofa ya ishirini, anapanda lifti, ana simu. Mama yake amefariki na mfalme ameoa mke mwingine, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Kaka alipomwona tu hakujiuliza mara mbili. Si mama wa kambo huyo? Akampa sauti ya mkwaruzo, ile inayomlazimu kunywa maji ya moto baadaye. Kila jioni mwanamke yule alifunga mlango wa chumba cha binti na kumpa kikombe cha kitu cheusi. Kaka akasema kwenye maiki, "Kunywa sumu yako taratibu, kipenzi," akamalizia na kicheko kirefu. Nilimsikia nikiwa nje, nikacheka pia. Nakiri.

Zilipofika dakika za mwisho, picha zikaanza kumkataa. Yule mama alikuwa amempakata binti analia, na mfalme amempigia magoti mkewe. Sauti Saba akakwama. Kurudi mwanzo kungekula siku mbili, na kibanda cha video kilikuwa kimeshaitangaza filamu kwa siku ya Ijumaa. Basi akamtungia mama wa kambo maneno ya kutubu, kwamba alitaka kuua na sasa anaogopa jela. Akazima kompyuta, akaenda kuoga.

Filamu ikapendwa kupita kiasi. Wazazi walipeleka watoto wao makundi kwa makundi, wakisema ina mafunzo. Wazazi wanapenda sana filamu yenye mafunzo, hasa funzo lenyewe likimhusu jirani. Binti wa kaka, mtoto wa miaka minane, aliitazama mara tatu, benchi la mbele, mdomo wazi.

Sasa niwaeleze kuhusu wifi yangu. Mama mzazi wa mtoto huyu alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu tu, na wifi aliingia nyumba ile mwaka jana. Anafanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, na mikono yake ina alama za kuungua na trei. Si mtu wa maneno matamu. Mapenzi yake yako kwenye kupiga pasi sare ya shule mpaka ndani ya mifuko, kukaza kifungo kabla hakijaanguka, na kumnywesha mtoto dawa yake ya kifua kila jioni kabla hajatoka kwenda kazini. Dawa yenyewe ni chungu balaa, nimewahi kuilamba. Mtoto alikuwa ameanza kumwita mama mdogo bila kulazimishwa na mtu.

Baada ya ile filamu, mtoto akagoma kunywa dawa kutoka mkononi mwake. Kesho yake akagoma chai. Akawa hali mpaka baba yake aonje kwanza, na mlango wa chumba chake akawa anauegemezea kiti. Siku moja wifi akamkuta anamwaga dawa kwenye sinki, akamuuliza kwa upole kulikoni. Mtoto akamjibu kwamba anajua kilichomo ndani. Wifi alikuja kunisimulia hayo akiwa amesimama dirishani kwangu, amenipa mgongo. Nilijua analia, kwa sababu mabega hayajui kujikaza kama uso.

Kifua cha mtoto kikaanza kubana tena. Alhamisi wifi akamwambia mumewe, mbele yangu, kwamba atakaa mpaka Jumapili kisha atarudi kwao.

"Mimi sijakasirika," akasema. "Lakini dawa hanywi kwa sababu yangu. Nikiondoka atakunywa."

Kaka akafanya jambo ambalo wanaume wengi hulifanya wakibanwa: akaenda kumkaripia mtoto. Kisha akawalaumu watoto wa siku hizi, akailaumu shule, akalaumu hata hali ya hewa. Mdomo wake hakuutaja.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwao, nashona upindo wa mapazia. Wifi alikuwa amelala kutoka zamu, na sheria ya nyumba ile ni kwamba akilala hakuna kelele. Mtoto akaiweka filamu yake ileile, bila sauti. Nikaendelea na sindano yangu. Baada ya muda akaniita.

"Shangazi, mbona mlango anaufunga akiwa ndani?"

Nikainua macho. Kweli. Mama wa kambo alikuwa chumbani pamoja na binti, ameufunga mlango na kuuegemea kwa mgongo wake, na nje kwenye korido amesimama mdogo wa mfalme, yule mchangamfu wa kuleta zawadi, ameficha bomba la sindano nyuma ya kiuno. Tukarudisha nyuma, tukatazama tena. Kikombe nacho! Kila binti alipokunywa, madoa ya kijivu mikononi mwake yalififia. Yote hayo yalikuwepo kwenye picha tangu siku ya kwanza. Kumbe sote tulikuwa tumeitazama filamu kwa masikio.

"Anamlinda," mtoto akasema polepole. Halafu akaniuliza kwa nini baba alisema ni sumu. Nikamwambia hilo ni la kumuuliza mwenyewe.

Alimuuliza mlangoni, baba mtu hajavua viatu. Sauti Saba, mtu mwenye jibu hata la mbwa, akainama kufungua kamba za viatu. Akajaribu kusema kwamba ni hadithi tu. Hapo nikapandisha hasira, siwafichi. Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi, na yake imeishia kwenye sinki ya jikoni kwake, panapomwagwa dawa ya mwanawe. Akakaa chini palepale sakafuni, usawa wa mtoto. Wifi alikuwa ameamka, amesimama kwenye mlango wa chumba na kanga yake mabegani, na wala kaka hakumwona.

"Sikuitazama mpaka mwisho," akamwambia mtoto. "Niliona mama wa kambo, nikasema ni mbaya. Sikumsikiliza hata kidogo."

Watu wakiniuliza filamu ile inafundisha nini familia, nawajibu ni sentensi hizo tatu, na kwamba afadhali mzazi azitamke mwenyewe kuliko kungoja mtoto azigundue.

Jumamosi kaka akaanza kuifanya upya, sentensi kwa sentensi, baada ya kuitazama yote mara mbili. Alikwama kwa mama wa kambo. Kila sauti aliyojaribu ilitoka na ule mkwaruzo. Mwisho akamwita mkewe. Wifi akasema yeye si mwigizaji.

"Sikuombi uigize," kaka akasema. "Sema kama unavyosema kila jioni."

Wifi akaketi juu ya kreti la soda, mbele ya maiki. Mtoto alikuwa sakafuni miguuni pao, ameapa kutotoa sauti, na mimi nimejibana mlangoni kwenye blanketi, nahema kidogo kidogo. Picha ikafika kwenye kikombe. Wifi akakitazama kikombe kile mpaka kaka akawa anataka kusimamisha.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Najua ni chungu. Nitakaa hapa mpaka umalize."

Kutoka sakafuni sauti ndogo ikasema, "Halafu usiende."

Kaka akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kusimamisha kurekodi, kisha akakirudisha. Wifi hakuwa anatazama skrini tena. Akavuta pumzi.

"Siendi."

Filamu hiyo imeonyeshwa mara nyingi tangu wakati huo. Kila mara watu hucheka mahali binti mfalme anapozungumza akiwa amefumba mdomo, na wajuaji hupaza sauti kwamba Sauti Saba amekosea tena. Wameshamwomba mara ngapi arekebishe kipande hicho, naye, mtu wa haraka yule, anawaambia hana nafasi.