Draiva ya Chuma Yenye Tumbo Tupu

Sitaanza kwa upole, maana wakati ule upole sikuwa nao. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wa miezi saba mgongoni, cheti cha Fom Foo chini ya godoro, na mume aliyeamini kwamba kitu chochote kisichotoka kwenye mti ni cha uongo.

Tulikaa Buruburu. Usidhani ni katika zile nyumba za vigae walizojivunia makarani wa serikali. Sisi tulikuwa nyuma ya moja ya nyumba hizo, katika chumba kilichojengewa mtumishi, jiko nje, kamba ya nguo ikipita mbele ya mlango. Mume wangu alikuwa fundi wa fimbo za gofu kwenye klabu moja upande ule mwingine wa mji. Kwao Ukambani ni wachonga vinyago, baba na babu, na yeye alishika patasi kabla hajashika kalamu. Ndiyo maana walimwajiri. Siku zile draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, na wenzake wadogo wa kupigia mpira ulio nyasini, zote zilikuwa na vichwa vya mbao ngumu, mbao tupu mpaka ndani. Mvua ikivivimbisha, jua likivipasua, mume wangu anavipiga msasa, anavipaka vanishi, anafungua kile kibati cha chini na kumwaga risasi kidogo iliyoyeyushwa ili kichwa kipate uzito. Kazi yake ilikuwa safi. Hilo sitalikana hata nikiwa nimekasirika vipi.

Halafu chuma kikaja. Miaka ya themanini ilikuwa imefika katikati, na wanachama wakaanza kurudi kutoka ng'ambo na draiva zenye vichwa vya chuma. Kwa nje zilifanana na zile za mbao, umbo lile lile, lakini ndani hamna kitu. Bosi wa karakana, mzee mmoja asiyezunguka na maneno, akamwita mume wangu akamwambia: "Mbao inakufa, fundi. Nataka mtu wa chuma. Usipokijua chuma, benchi nampa mwingine."

Benchi lile ndilo lililotulisha. Hapakuwa na lingine. Mimi kazi ya ukarani nilikuwa nimeitiwa nikiwa na mimba ya miezi mitano, na mume wangu akaniambia mke wake hatakwenda kuzungushwa na wanaume wa ofisini. Kwa hiyo bosi aliposema "benchi nampa mwingine", mimi nilisikia sufuria ikigongwa tupu.

Draiva ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya wakili mmoja aliyekuwa na kesi zake korti ya Makadara. Ukiitikisa ilikuwa inalia kokoto, kokoto. Chembe ya gundi iliyokauka ilikuwa imebanduka ndani. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu: nyamazisha ile chembe, rudisha fimbo kwa mwenyewe. Mume wangu akaileta nyumbani Jumapili, imeviringwa kwenye gunia, ashauriane na kaka yake.

Kaka yake alikuwa mchongaji na kibanda chake kilikuwa kando ya Barabara ya Jogoo. Wakakaa mlangoni kwangu, wakaipakata ile fimbo. Sasa, mchongaji akinunua gogo hulipima kwa kuligonga. Anagonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio. Likijibu kwa sauti nzito, ni gogo. Likilia kama ngoma, ndani limeoza, analisukuma kando. Hivyo ndivyo walivyofundishwa, na hivyo ndivyo wanaume wawili wazima walivyokaa siku ile wakikigonga chuma.

"Sikia," shemeji akasema. Akagonga tena. "Aiya! Hili limeliwa na mchwa."

"Mchwa wa chuma?" nikauliza kutoka karaini, nilikokuwa nikifua nepi.

"Mama, nyamaza kidogo, tuko kazini," mume wangu akasema.

"Wazungu wamekuuzia ganda," shemeji akamwambia mume wangu. "Nyama wamebaki nayo kwao. Kitu cha kupiga kinatakiwa kiwe na nyama. Umeona nyundo gani iliyo tupu ndani?"

Nikaacha nepi kwenye povu. Fizikia niliipita, tena vizuri, na mwalimu wangu alikuwa akiniita mbele kuwaeleza wavulana. Nikachukua mti wa fagio na mawe mawili yanayolingana, nikayafunga kwa kipande cha leso katikati ya ule mti.

"Shika hapa kati," nikamwambia mume wangu. "Uzungushe. Kushoto, kulia, upesi."

Akauzungusha. Ukazunguka bila shida. Nikayafungua yale mawe, nikayafunga huku na huku, kwenye ncha mbili.

"Haya. Tena."

Akajaribu. Mti ukamkatalia, kiwiko kikamtoka nje. Akaniangalia.

"Mawe si ni yale yale?" nikasema. "Uzito ni ule ule. Umehama tu, umekwenda pembeni. Sasa huyo wakili wako akikosea, mpira ukagonga kando ya uso wa fimbo, kichwa cha mbao kinajipinda mkononi mwake kama mlango uliosukumwa, mpira unaingia vichakani. Hiki cha chuma wamekitoa uzito tumboni makusudi, wakaupeleka kwenye kingo. Akikosea, hakijipindi sana. Na ugonge chini hapa, unasikia ni kunene kuliko juu? Uzito uko chini, ndiyo unaurusha mpira juu hata ukiwa umelala kwenye nyasi. Huo utupu ndio ulionunuliwa. Ukiujaza, umeiua."

Nilidhani wameelewa. Halafu shemeji akacheka mpaka akashika goti.

"Fom Foo hiyo! Shemeji, si uipikie mboga tule?"

Na mume wangu, aliyekuwa ameushika ule mti kwa mikono yake mwenyewe, aliyehisi, akajiunga naye. "Wewe umepiga mpira lini? Umepiga chapati."

Nikarudi kwa nepi. Nilizifikicha siku ile mpaka moja ikatoboka.

Nilipokwenda kuchota maji kwenye bomba la mwenye nyumba, wakafanya waliyoyataka. Walitoboa tundu chini ya kichwa, wakatia punje za risasi, wakajaza nta ya nyuki iliyochanganywa na unga wa mbao, ile wanayozibia nyufa za vinyago, wakafunga kwa skurubu. Wakapaka rangi juu. Ukiitazama hujui kitu. Shemeji akaigonga, ikajibu kwa sauti nzito. "Sasa ina roho," akasema, akaenda zake ameridhika.

Alhamisi saa nne asubuhi nikamwona mume wangu anaingia getini na lile gunia begani. Saa nne mwanamume hatoki kazini. Akapita kamba ya nguo, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Wamesemaje?"

"Wakili kapiga mara tatu. Mpira haukupanda. Kiwiko kinamuuma. Anasema ni kama kupiga na jiwe la kusagia."

"Na bosi?"

"Kesho asubuhi fimbo iwe kama ilivyotoka kiwandani. La sivyo nichukue vifaa vyangu." Akavuta pumzi. "Nitaenda kwa kaka tuikate kwa msumeno, tutoe, tuchomelee."

Kwa kaka! Niliinuka. Nilisema maneno ambayo sitayaandika, na jirani aliyekuwa anaanika mashuka akaingia ndani mwake. Kisha nikamnyang'anya lile gunia.

"Utaniulia kazi!" akapiga kelele.

"Kazi umeshaiua wewe. Mimi nafukua."

Nta ni nta. Haihitaji msumeno. Nikawasha jiko, nikateleka sufuria kubwa ya maji, nikaifungua ile skurubu kwa ncha ya kisu. Shingoni, pale fimbo inapoingia kichwani kwa gundi, nikazungushia kitambaa kilicholowa, maana moto ungeilegeza gundi na tungekuwa na msiba wa pili. Nikamwambia mume wangu ashike fimbo juu ya sufuria, tumbo la kile kichwa liguse maji, shingo ibaki nje. Akashika. Mtoto mgongoni mwangu akalia, nikamtikisa, nikaongeza makaa. Kwanza hakuna kilichotokea, na nilimwona ananitazama kwa lile jicho la chapati. Halafu nta ikaanza kuchuruzika pale tunduni, ya manjano, ikielea juu ya maji, na punje za risasi zikaanguka moja moja chini ya sufuria. Tik. Tik. Tik. Sufuria yenyewe ndiyo niliyopikia ugali. Sikuipikia tena.

Sikuitoa nta yote. Nilibakiza kiasi cha kijiko, nikakizungusha kichwa pole pole kikipoa, ikatanda ndani nyembamba na kuikamata ile chembe ya gundi. Nikafunga skurubu. Nikaitikisa. Haikulia.

Kesho yake nilikwenda naye. Hakunialika. Getini askari akaniambia wake za wafanyakazi hawaingii, nikazunguka na mtoto mpaka kwenye ua wa waya, pale wanapojifunzia kupiga. Nikawaona: bosi, wakili, mume wangu na mafundi wengine wawili. Wakili akapiga. Ilitoa mlio mkali, ting, si ule mlio wa mbao, na mpira ukapanda mpaka nikaupoteza kwenye mwanga. Akapiga wa pili, vibaya, hata mimi nisiyejua niliona vibaya. Mpira ukayumba kidogo tu, ukaangukia kwenye nyasi zilizokatwa. Wakili akacheka kama mtoto.

"Fundi, sasa umekielewa chuma," bosi akasema. "Waeleze na hawa wenzako."

Na mume wangu akaeleza. Alisimama pale, mkono kiunoni, akasema alichukua fagio. Akasema alifunga mawe. Akasema alimwonyesha kaka yake akashangaa. Maneno yangu, moja baada ya lingine, hata ule mlango uliosukumwa.

Nikashika waya kwa mikono miwili. "Muulize kwa nini mpira unapanda!"

Wote wakageuka. Bosi akamtazama mume wangu. "Kwa nini?"

Mume wangu akaanza tena habari ya mawe na fagio.

"Uzito uko chini!" nikasema. "Na nta nimeitoa mimi, kwa sufuria yangu."

Wakili ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Bosi akampiga mume wangu begani. "Mke wako ana mdomo," akasema. "Haya, rudi benchini." Na wakaenda zao karakanani, yeye akiwa katikati yao, bila kugeuka nyuma. Nilirudi Buruburu nikiwa na alama za waya viganjani.

Jioni alisema nimemwaibisha mbele ya watu. Nikamwambia aibu aliianza yeye mwenyewe alipolihesabu fagio langu kuwa lake. Hatukuongea siku tatu.

Siku ya nne akaja na gunia. Ndani mlikuwa na vichwa vitatu vya chuma, viwili vikilia kokoto, kimoja kimelegea shingoni. Akaliweka karibu na jiko, akakaa akinisubiri. Niliendelea kukata mboga ya sukuma. Nilikata fungu zima, nikaanza lingine.

"Si unaviona?" akasema mwishowe.

"Naviona. Fundi ni wewe."

"Mama."

"Uliza. Kwa mdomo. Useme hujui."

Mtoto alikuwa ametambaa mpaka kwenye gunia, anatikisa kichwa kimojawapo, kokoto, kokoto, anafurahi. Mume wangu aliangalia mikono yake, ile mikono mizuri ya patasi.

"Sijui," akasema. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Sikumwonyesha kwa upendo, nisikudanganye. Nilimpokonya kisu kila alipokosea, na nilimwambia arudie maneno yangu hadi ayaseme sawa. Aliyajua yote kabla ya wiki mbili kwisha, benchi likabaki lake, na tukala. Mimi ile karakana sijawahi kuikanyaga hata mara moja.