Maswali ya Bi Kwani kwa Meli ya Saruji

Siku alipochumbiwa na fundi saa, alimjibu kwa maswali saba, la mwisho likiwa kwa nini saa yake mwenyewe ilikuwa nyuma dakika kumi. Mwanaume wa watu alivumilia, wakaoana, na hadi leo akiulizwa siri ya ndoa yao husema ni kujibu. Mtaani na kazini mkewe anaitwa Bi Kwani, maana hilo ndilo neno linalomtangulia mdomoni kabla hata ya salamu. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu.

Ni karani wa masijala ya bandari, mwaka wa ishirini na sita huu, chumba cha pili ukimaliza ngazi. Dirisha moja linatazama gati, jingine linatazama ukuta. Meli ya kigeni ikitaka kuingia hutuma kwanza fomu, naye huikagua kabla haijafika kwa mkuu wa bandari. Fomu ina nafasi tatu za kueleza kilichomo: mabaharia, abiria, mzigo. Karani haruhusiwi kurekebisha alichoandika nahodha, wala kumshauri ajaze vipi. Kuuliza anaruhusiwa, na Bi Kwani anaamini aliyetunga kanuni hiyo alikuwa anamfikiria yeye.

Jumanne moja asubuhi ikaingia fomu ya meli ya mizigo. Mabaharia kumi na wanne. Mzigo, saruji. Abiria, sitini na wawili.

"Kwani siku hizi saruji inasafiri na wasindikizaji?" alijisemea.

Maelezo yalikuwa kwenye karatasi ya pili. Nahodha alikuta boti ya mpira imezimika injini katikati ya bahari, imejaa wahamiaji, akawapandisha wote. Bandari mbili zilikwisha kumkatalia. Maji ya kunywa yalikuwa yamebaki ya siku mbili.

"Irudishe," alisema mkuu wa bandari, mtu mpole anayeogopa karatasi kuliko mawimbi. "Hana leseni ya abiria. Amejaza mwenyewe, kosa ni lake."

Tabu ni kwamba fomu ikirudishwa, meli hairuhusiwi kuomba tena mpaka zipite siku tatu. Bi Kwani alihesabu siku hizo, akahesabu na za maji; za maji hazikutosha. Hakuirudisha. Alikichomoa kitabu cha mikataba ya bahari, ambacho kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kulizuia dirisha lisipigwe na upepo, akakipangusa vumbi kwa kiganja na kuanza kusoma. Chakula chake cha mchana kilipoa palepale mezani.

Alisoma kwamba bandari ni ya nchi, na meli ya kigeni haina haki ya kuingia inavyojisikia. Sawa. Kurasa chache mbele akasoma kwamba nahodha akikuta watu wako hatarini baharini ni lazima awaokoe, wawe wa taifa lolote, na kwamba nchi zinapaswa kushirikiana ili wafikishwe mahali salama.

"Kwani salama wapi?" alikiuliza kitabu.

Alifunua mbele, akarudi nyuma. Hakuna bandari iliyotajwa. Mtu ameamriwa awapandishe watu melini kwake, lakini wa kuwashusha hajaambiwa ni nani! Hilo lilimshangaza, kisha likamuudhi. Akaendelea mpaka alipokuta desturi ya zamani: meli iliyo katika dhiki, maisha ya watu yakiwa hatarini, inaweza kuomba hifadhi bandarini. Hapo alikumbuka fomu ya njano iliyolala chini kabisa ya kabati, fomu ya dhiki. Haikuwa na nafasi ya abiria. Iliuliza tu ni watu wangapi waliomo.

Akaenda kwenye redio.

"Nahodha, hapa masijala. Nina maswali."

"Mama, wiki hii nimeulizwa mpaka nimechoka."

"Kwani hao watu walipanda bandari gani?"

"Hakuna bandari. Nimewatoa majini."

"Ulipanga kuwasafirisha?"

"Nilipanga kusafirisha saruji!"

"Sasa kwani ni abiria?"

Bi Kwani hakungoja jibu.

"Na maji yakiisha, utasema meli yako iko katika hali gani?"

"Dhiki," nahodha alisema polepole. "Mama, kwani kuna fomu nyingine?"

Bi Kwani alifumba macho kwa furaha. Kushauri ni marufuku, lakini nahodha akiuliza, masijala inalazimika kujibu. Akamjibu, tena kwa kirefu.

Alasiri fomu ya njano ilikuwa mezani kwa mkuu wa bandari, na ya kwanza nahodha alikuwa ameiondoa mwenyewe, kwa hiyo zile siku tatu hazikumhusu.

"Umemshauri?"

"Nimeuliza tu, mkuu."

"Sheria hainilazimishi kusaini hii."

"Nimesoma. Haikukatazi pia."

"Wakubwa wakitaka kujua kwa nini sisi, na si wengine?"

Bi Kwani alikwenda kwenye droo yake, akarudi na fomu tupu ya kijivu, ile ya miili inayookotwa ufukweni. Tangu mwaka uanze alikuwa amejaza tisa. Penye jina aliandika mara tisa: halijulikani. Aliiweka kando ya ile ya njano.

"Kwani mkuu, tusipowapokea kwa hii, si watakuja kwa hii?"

Mkuu wa bandari alizitazama zote mbili. Akasaini ya njano, akairudisha ya kijivu kwa ncha za vidole.

Kesho yake mchana meli ilifunga gatini. Bi Kwani aliwekewa meza na kiti nje, karibu na ngazi ya meli, aandike majina. Wa kwanza kushuka alikuwa mwanamke mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, maana walikuwa wakilala juu ya mifuko.

"Jina lako?"

Mwanamke alilitaja. Bi Kwani aliliandika kwa herufi kubwa, akaliangalia, kisha akamwuliza tena.

"Kwani hukusikia?" mkuu wa bandari alimwuliza kutoka nyuma ya kiti.

"Nimesikia," alisema Bi Kwani, huku akijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nataka alitaje tena."